Choo Kilichogeuka Stoo ya Mayai

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya meza ya fundi viatu na mlango wa kinyozi. Upande wa kushoto una msumari uliotokeza kidogo. Wenyeji wanaujua, ndiyo maana mgeni siku zote huachiwa upande wa kushoto. Ukikaa hapo unatazamana uso kwa uso na choo cha umma: kijumba cheupe chenye milango miwili, mmoja umeandikwa WANAUME, wa pili WANAWAKE, na yote miwili ina kufuli kubwa kama ngumi. Nyuma ya mlango wa WANAUME kuna trei za mayai makubwa. Nyuma ya mlango wa WANAWAKE kuna trei za mayai madogo. Mwezi wa tatu huu, hakuna binadamu aliyeingia mle kwa shida ya kibinadamu.

Asubuhi hiyo fundi viatu alikuwa na barua kwenye mtoto wa meza, chini ya nyuzi na gundi. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari sita, na ilikuwa inaomba choo kirudishiwe kazi yake. Karani mmoja wa ofisi ya kata, ambaye viatu vyake vimeshonwa hapo tangu akiwa mwanafunzi, alikuwa amemnong'oneza namna ya kufanya. Kamati ya kata inakaa kesho. Barua ifike leo kabla ofisi haijafungwa, tena iwe na majina matano. "Barua ya mtu mmoja ni malalamiko, mzee wangu," karani alimwambia. "Ya watu watano ni ajenda." Fundi alipiga hesabu akaona mambo ni mepesi. Yeye mmoja, na wanakijiwe wenzake wanne.

Alikuwa na sababu yake, na hakuwa amemwambia mtu. Fundi ana sukari. Nesi alimwambia anywe maji mengi, na mwili wake nao una haraka ya kuyatoa, kila saa, wakati mwingine kila nusu saa. Tangu kufuli lilipotundikwa alianza kuyapunguza. Alipoyapunguza sana, kizunguzungu kilimwangusha kichwa kikagonga meza, basi akarudi kuyanywa. Juzi sasa, akiwa amepiga magoti anampima soli mteja mwanamke, mkojo ukamtoka. Ulikuwa kidogo, lakini ulimtoka. Mtu ana miaka sitini na moja, ana wajukuu, na jina lake mtaani ni Fundi bila kuongeza kitu. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu apate akili. Jioni aliifua suruali mwenyewe, na mkewe akamuuliza tangu lini anafua nguo zake.

Kahawa ilipoanza kuzunguka, akaitoa barua akaiweka juu ya ubao.

— Jamani, nina ombi. Dogo tu. Nataka sahihi zenu.

Wa kwanza kuichukua alikuwa Mchumi. Hili ni jina la kijiweni. Maisha yake yote alikuwa karani wa serikali, anagonga mihuri, na sasa anaishi kwa pensheni ya serikali huku akieleza kila siku kwa nini serikali haifai kuwa na kitu. Mambo yake anayasikiliza kwenye simu usiku, asubuhi anakuja kuyamwaga. Akaisoma barua, akavua miwani.

— Fundi, ndugu yangu, hii barua inakwenda kinyume na soko.

— Soko gani? Mimi nazungumzia choo.

— Ndiyo hicho. Bwana aliyekikodi choo kwa halmashauri alikaa akatazama. Akaona watu wanataka nini zaidi, choo au mayai. Mayai yakashinda. Huwezi kwenda kwa serikali kuomba mayai yashindwe kwa nguvu.

— Mimi nataka choo.

— Unataka, sawa. Lakini unataka kwa kiasi gani? Kutaka kusikoonekana mfukoni si kutaka, ni kutamani tu. Hata mimi natamani gari.

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo kijiwe hakipendi likumbushwe. Barua iliyokiondoa choo mikononi mwa halmashauri iliandikwa juu ya ubao huohuo, mwaka jana. Kipindi kile choo kilikuwa kichafu, mtunzaji wake analala mchana kutwa, na maji yanatoka siku ile tu diwani anapopita. Mchumi akasema dawa ni mtu binafsi: mtu binafsi ataweka sabuni, ataweka kioo, atamwamkia kila anayeingia. Wote wakatia sahihi. Wa kwanza kutia alikuwa fundi viatu, kwa sababu kalamu ilikuwa yake. Halmashauri, ambayo ikiombwa taa hujibu baada ya miaka minne, safari ile ilijibu ndani ya wiki moja. Mtu binafsi akaja, akaweka sabuni kweli, na kioo akakiweka. Mwezi wa pili akapandisha bei, wa tatu akapandisha tena, watu wakaanza kujizuia. Ndipo akagundua kuwa chumba chenye vigae na ubaridi, kisicho na jua, kinafaa zaidi kwa mayai. Yai halimwagi maji sakafuni wala halimalizi sabuni. Kioo bado kipo, na mayai yanajitazama.

— Mimi sipingi choo, alisema Usinilazimishe. Huyu ndiye kinyozi, na jina alilipata kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kwa kila kitu, kuanzia chanjo hadi usafi wa mtaa. — Mimi napinga kulazimishwa. Choo cha umma kinajengwa kwa kodi. Kodi yangu mimi. Mimi nimejisaidia nyumbani kwangu alfajiri. Sasa kwa nini nilipie kibofu cha mwenzangu?

— Kwani nimekuomba ulipe? Nakuomba uandike jina.

— Jina ndiyo mwanzo. Leo jina, kesho mchango, keshokutwa naambiwa nishike ufagio. Kibofu ni mali binafsi, Fundi. Kila mtu abebe chake.

— Changu ninakibeba, alisema fundi viatu. — Tangu saa moja nakibeba.

Wakacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Alikuwa amekunywa chupa nzima ya maji kama alivyoagizwa, na juu yake kikombe cha kahawa, kwa sababu huwezi kumwomba mtu sahihi huku umekikataa kikombe anachokunywa. Akabana mapaja chini ya meza, akajiambia sahihi kwanza.

Mchumi akainuka, akaweka simu yake juu ya ubao, akasema:

— Ngojeni kidogo, nakwenda kupiga simu.

Akazunguka kona ya kinyozi. Hakuna aliyemwambia kuwa ameisahau simu. Hiyo ndiyo desturi ya kijiwe tangu kufuli litundikwe. Mtu akibanwa anakwenda "kupiga simu", anapita kwenye kichochoro, anasimama kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba moja ya kupangisha, anazungumza anavyozungumza, anarudi. Mwanzoni chumba kilicho nyuma ya ukuta huo kilikuwa kitupu, kwa hiyo dhambi ilionekana ndogo. Na wa kupiga simu nyingi kuliko wote, kama tutasema haki, ni fundi viatu. Wengine wanapiga mara mbili kwa siku. Yeye siku nyingine anapiga mara tisa, na kila mara anarudi ameinamisha uso.

— Mimi nina wazo, alisema Dalali. Huyu anapangisha vyumba, anauza viwanja, na akikaa karibu na kitu kwa dakika kumi anakitafutia mteja. — Tatizo la choo kile lilikuwa bei. Bei moja kwa watu wote. Hapo ndipo walipoharibu. Mtu aliyebanwa kidogo na aliyebanwa kufa na kupona unawatoza sawa? Huo ni uonevu.

— Ulitaka wafanyeje? aliuliza Buli, muuza kahawa, mdogo wao kwa umri na kwa maneno.

— Bei ya haraka. Unaweka kijana mlangoni, macho makali. Anaangalia mtu anavyotembea. Anayekuja polepole, bei ndogo. Anayekuja hatua fupifupi, mara mbili. Akija amekunja miguu na hazungumzi, huyo taja bei yoyote.

— Watu watajifanya hawana haraka, alisema Buli.

— Wajifanye. Ukiweza kujifanya, basi huna haraka. Soko limekujua.

Mchumi alikuwa amerudi, anapangusa viganja kwenye suruali, na wazo lilimkuna.

— Umegusa penyewe, Dalali. Lakini hujafika mbali. Foleni nayo ni mali. Mtu asiye na shida awahi asubuhi, ashike nafasi ya kwanza, aiuze saa nne watu wakiwa wamekunywa chai. Ajira hizo. Vijana wangapi wamekaa bure?

— Kwa hiyo atakuwepo mtu kwenye foleni ya choo ambaye hana haja na choo, alisema Buli.

— Ndiyo. Anaitwa mwekezaji.

— Na choo chenyewe kiko wapi? aliuliza fundi viatu. — Mnapanga foleni ya kwenda wapi? Mle kuna mayai.

— Tatizo lako unatazama karibu, Mchumi alimwambia kwa huruma kabisa. — Ukiacha mambo yenyewe, atatokea mtu mwingine atafungua choo. Penye shida pana faida.

— Lini?

— Lini si swali la kiuchumi.

— Kwangu mimi ndilo swali. Ni leo au ni mwakani?

Usinilazimishe hakuwa amefurahi. Mambo ya foleni yalimtia wasiwasi, kwani foleni ni kulazimishwa kusimama nyuma ya mtu.

— Ninyi mnaongea habari za choo, choo, kama watoto wa shule ya serikali. Kwa nini lazima kuwe na choo cha pamoja? Kila mtu atembee na chombo chake. Chupa yenye kifuniko. Hapo hakuna foleni, hakuna bei, hakuna wa kukupangia. Uhuru kamili.

— Na wanawake? aliuliza Buli.

Kinyozi akafikiri.

— Chupa yenye mdomo mpana.

— Chupa mimi naweza kuzileta, alisema Dalali. — Jumla na rejareja.

— Halafu harufu, Mchumi alisema, sasa macho yamemtoka, sauti imepanda. — Harufu nayo itapata mwenyewe. Leo harufu ni ya nani? Si ya mtu. Ndiyo maana inazagaa. Ukiuza mtaa mzima vipande vipande, na ubao huu, na kona, na hewa iliyo juu ya kona, kila harufu itakuwa imeingia kwenye mali ya mtu, na huyo mtu atadai fidia. Mtaa utanukia wenyewe. Hakuna askari wa afya, hakuna faini.

— Hewa nitauziwa na nani? aliuliza Usinilazimishe, amekunja uso.

— Na mwenye hewa.

— Mimi silazimishwi kununua hewa.

— Basi usivute.

Buli akawajazia vikombe, akasema taratibu:

— Labda mimi nipunguze kahawa. Maana hii kahawa ndiyo inayowabana.

Wote wakamgeukia kama wamemwona leo.

— Usithubutu, alisema Mchumi. — Wewe ndiye unayezalisha mahitaji. Bila wewe sekta nzima inakufa.

Fundi viatu alikuwa anasikiliza mwili wake. Hali ilikuwa imefika pale ambapo mtu hasogei, maana akisogea atajua. Hasira ikampanda, na ilimpanda kwa sababu hawa walikuwa rafiki zake. Watu aliokaa nao miaka ishirini, aliowazikia mama zao, nao walikuwa wanacheza na haja yake kama bao.

— Mchumi, alisema. — Pensheni yako inatoka soko gani?

Mchumi akavaa miwani.

— Hiyo ni haki yangu, Mchumi alisema. — Niliifanyia kazi.

— Na mimi nimelipa ushuru wa meza hii miaka ishirini. Nimeufanyia kazi. Siombi pensheni. Naomba mahali pa kusimama dakika mbili kama mtu mzima.

Huenda ni sauti yake, maana fundi viatu hana kawaida ya kuongea hivyo. Mchumi akaitazama barua, akachukua kalamu. Akatia sahihi, ila kabla ya kutia akaandika pembeni kwamba vyoo viwe viwili, vishindane. Dalali naye akatia, akaongeza kwa herufi ndogo namba yake ya simu kwa yeyote atakayehitaji mpangaji wa choo. Buli aliandika jina lake kubwa, herufi moja moja, ulimi umetoka nje. Usinilazimishe aliishika kalamu muda mrefu, halafu akairudisha.

— Ningetia, alisema. — Lakini sasa mnaniangalia wote. Hiyo ni kulazimishwa.

— Tufumbe macho? aliuliza Buli.

— Mkifumba kwa ajili yangu ni vilevile.

Majina manne, pamoja na lake. Fundi viatu alimtazama kinyozi, na kama sindano ingekuwa mkononi sijui ingetua wapi. Karani alisema matano. Jua lilikuwa linasogea, na ofisi ya kata haimsubiri mtu.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja kutoka kwenye kichochoro, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine ndala ya ngozi iliyokatika mkanda. Mikono ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko. Hawakuwa wamemwona kabla, isipokuwa Dalali, ambaye ghafla alipata kazi ya kuchambua funguo zake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Mimi ni mpangaji mpya. Hapo nyuma, chumba cha mwisho. Nimehamia Jumamosi na mkwe wangu, amejifungua, mtoto ana wiki mbili. Huyu bwana ndiye aliyetupangisha. Akamwonyesha Dalali kwa kidevu. — Aliniambia ile harufu ni plasta haijakauka.

— Plasta inachukua muda, Dalali aliziambia funguo.

— Nimesugua ukuta tangu asubuhi. Nimehamisha kitanda cha mtoto mara tatu, kila upande bado inafika. Nasugua, naingia kupika, nikitoka nakuta umelowa tena. Hadi ndala imekatika. Akamnyooshea fundi viatu. — Nishonee, baba.

Fundi aliipokea. Ilikuwa imelowa. Alijua imelowa nini, na alijua sehemu kubwa ya kilichoilowesha ni chake. Akaiweka mapajani.

Mama akaiona barua juu ya ubao. Akajipangusa vidole kwenye kanga, akaisoma yote, pamoja na ya pembeni.

— Hili jambo jema, alisema. — Nani ameandika?

— Mimi, alisema fundi viatu.

— Mbona majina manne?

— Yanatakiwa matano. Leo hii, kabla ofisi haijafungwa.

— Basi la tano niandike mimi. Nina mkazi mwenzangu wa siku kumi na nne anayehitaji hewa.

Fundi viatu aliigeuza barua ikamwelekea. Akampa kalamu. Mama akainama, kalamu ikagusa karatasi, halafu akaiinua.

— Lakini kuna kitu hapa sijaelewa. Mmeandika choo kimefungwa miezi mitatu.

— Ndiyo.

— Na ninyi mnakaa hapa kila siku?

— Kila siku, alisema Buli.

— Kutwa nzima, mnakunywa kahawa.

— Ndiyo, mama.

— Sasa ninyi wenyewe mnakwenda wapi?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Mchumi, ambaye ana jibu la kwa nini mayai, kwa nini bei, na hewa iwe ya nani, aliitazama simu yake iliyozimika. Dalali alizirudia funguo tangu wa kwanza. Usinilazimishe akakumbuka kuwa ana duka la kufungua, ijapokuwa lilikuwa wazi nyuma yake tangu saa mbili. Buli aliinamisha birika kumjazia mtu, na kikombe kilikuwa kimejaa.

Mama aliwapitia kwa macho mmoja mmoja. Akamgeukia fundi viatu, maana yeye ndiye mwenye barua, akavuta kigoda cha wateja, akaketi palepale kwenye mdomo wa kichochoro, kalamu bado mkononi.

— Mimi sina pa kukimbilia, alisema. — Mtoto amelala.

Fundi viatu alikuwa amebanwa hadi machozi yanamlengalenga. Njia ilikuwa moja tu, ile inayopita mbele ya magoti ya yule mama. Akafungua mdomo. Aliona kabisa maneno mawili ya kumjibu, ukutani kwako, aliyaona yamekaa tayari. Akabana mapaja, akaigeuza ndala iliyolowa, akainama karibu sana na mkanda uliokatika.

— Nikutilie uzi mweusi, mama, aliuliza, au wa kahawia?